Ramani ya Kwenda Nkololo

Kwa heshima na taadhima, wakazi wote wa Bariadi, wa Nkololo, wa mwambao wa ziwa na wa popote pale panaposhika mtandao wanatangaziwa kwamba Luhaga, mwanafunzi wa kidato cha tano, mtaalamu wa kompyuta asiye na mpinzani katika ukoo mzima, ameteuliwa kuwa Mkurugenzi Mkuu wa Mawasiliano katika msiba wa bibi yake.

Aliyemteua ni yeye mwenyewe. Shangazi yake Felisita alikuwa amemwambia tu akae hapo aandike tangazo la mazishi wakati yeye anakwenda mochwari. "Hapo" palikuwa ni dukani kwake, steshenari ndogo karibu na stendi ya Bariadi, mbele ya kompyuta ambayo herufi yake ya H haikubali kuandika mpaka ipigwe ngumi. Na utaalamu wenyewe ulitokana na shule ya bweni, ambako Luhaga aliwahi kuweka picha ya beberu kwenye kompyuta ya mkuu wa shule, akapata viboko na sifa, vyote asubuhi moja.

Aliyefariki alikuwa Bibi Nyanjige, mama yake Felisita na mama wa marehemu baba yake Luhaga. Alizaliwa Kalemela, kwa watu wa samaki, akaolewa Nkololo, kwa watu wa ng'ombe na pamba, na miaka yote aliyokaa Nkololo hakuacha kuwaambia wenyeji kwamba chakula chao kinanuka zizi. Bibi alimwita Luhaga "mume wangu," kama bibi wengi wanavyowaita wajukuu wao, na kama mume alimtuma dukani, alimsema mbele ya wageni, na kumtishia talaka kila alipofunga shule na ripoti mbaya.

"Siku nikifa, mume wangu," alimwambia mara nyingi, "usikubali wanizike kwenye mavi ya ng'ombe ya babu yako. Nirudishe Kalemela nikanuse dagaa."

Luhaga alikuwa akimjibu kwamba nauli ya maiti ni kubwa, kwa hiyo aende mwenyewe kwa miguu angali mzima.

Ndivyo walivyopendana. Na katika ukoo ule utani wa mjukuu na bibi haukomi mtu anapokata roho. Mjukuu asipofanya utani kwenye mazishi ya bibi yake, watu humwangalia kwa jicho la pembeni, wakidhani walikuwa na ugomvi. Wengine huvaa nguo za marehemu na kuiga mwendo wake. Wengine huingia kaburini na kukataa kutoka mpaka wapewe kitu. Kwa hiyo Luhaga, akiwa peke yake dukani na kamasi zikimtiririka, alifanya utani wake kwa njia aliyoiweza. Kwenye mstari wa mahali pa mazishi aliandika: "Marehemu anazikwa Kalemela kama alivyoagiza, kila mwombolezaji aje na ndoana." Maneno hayo akayawekea linki. Mtu akiyabonyeza kwenye simu, ramani ingefunguka na kumwonyesha njia mpaka mwalo wa Kalemela, pale mitumbwi inapoegeshwa.

Felisita aliporudi kutoka mochwari alisoma, akakaa kwenye kiti cha wateja, akacheka mpaka kilio kikamshika katikati ya kicheko. Akajifuta kwa ncha ya khanga. Kisha akasema basi, sasa afute aweke ramani ya kweli ya Nkololo, maana hilo tangazo kuna mtu analisubiri.

Mtu huyo alikuwa Maximiliana.

Maximiliana alikuwa mtoto wa kwanza wa Bibi Nyanjige, aliyemzaa kabla ya kuolewa. Ndugu za baba yake walimchukua akiwa bado ananyonya, wakahamia naye Sumbawanga, na habari zake zikapotea. Alikuwa mama wa watoto wakubwa alipompata mama yake, kwa simu, kupitia mtu aliyemjua mtu. Tangu hapo walizungumza karibu kila Jumapili. Walijaribu kuonana kwa video, lakini mtandao wa Nkololo ulimleta kila mmoja kwa mwenzake vipande vipande, jicho likiganda hapa na mdomo ukichelewa kule, mpaka bibi akasema hataki kumwona mwanawe akiwa amekatwakatwa, atamngoja aje mwenyewe. Wakapanga Pasaka. Bibi hakufika Pasaka.

Sasa Maximiliana alikuwa njiani, na alikuwa anakuja kwa kitu kimoja tu: kuuona uso wa mama yake kabla jeneza halijafungwa kwa mara ya mwisho. Hakuwahi kukanyaga mkoa wa Simiyu. Angeshuka basi Mwanza, akodi gari, afuate ramani. Felisita alimweleza Luhaga mambo haya yote ingawa Luhaga aliyajua, kwa sauti ya mtu anayejisomea orodha ya vitu vya kubeba. Hawakuwa na la kumpa dada yake huyo, alisema. Shamba si lake, ng'ombe si wake, hata jina la ukoo si lake. Wangempa huo uso.

Luhaga akarudi kwenye kibodi. Alikiweka kile kijiti kinachopepesa mwisho wa maneno yake ya utani, akabandika pale anwani ya ramani ya Nkololo, ile ndefu inayoanza kwa herufi na kumalizikia kwa namba. Ilipotua tu, ikageuka rangi ya bluu yenyewe na kujipigia mstari chini. Luhaga akaichukulia kama utii. Halafu akarudi nyuma, akayafuta maneno ya utani moja baada ya jingine, mpaka ndoana ikaondoka, Kalemela ikaondoka, marehemu akaondoka. Iliyobaki kwenye kioo ilikuwa anwani ya Nkololo peke yake, safi, ya bluu, sahihi kwa kila herufi.

"Umeijaribu?" Felisita aliuliza. Alikuwa mlangoni tayari, ananunua sukari ya msiba kwa simu.

"Nimeijaribu, shangazi."

Hakuwa ameijaribu. Bando la kompyuta lilikuwa limekwisha mara tu alipoipata ile anwani, na simu yake ilikuwa kwenye chaji ukuta wa pili, na ili kuifikia ilibidi asimame. Mkurugenzi Mkuu wa Mawasiliano alikuwa amechoka kulia na hakutaka kusimama. Tangazo likahamishwa kwa waya hadi simu ya Felisita, likatumwa kama faili kwenye makundi yote ya wasapu, na kwa Maximiliana likatumwa peke yake, na chini yake Felisita akamwandikia: Dada, wewe fuata hii tu, itakuleta mpaka mlangoni.

Siku ya mazishi Nkololo ilijaa. Maturubai mawili yalifungwa kati ya nyumba na zizi, kwaya ya kigango ikakaa kivulini, na bibi akalala sebuleni mwake ndani ya jeneza lenye kidirisha, watu wakiingia kwa mstari kumuaga. Waliotoka Nkololo walikuja kwa miguu. Waliotoka Bariadi walipanda bodaboda na kuwaambia madereva "kwa Nyanjige." Hakuna hata mmoja aliyehitaji ramani, kwa hiyo hakuna aliyeibonyeza.

Luhaga alizunguka akiwa na kitambulisho alichojitengenezea, chenye cheo chake, kikining'inia kifuani. Alimwelekeza padri kwenye kiti ambacho padri alikuwa ameshakiona. Mambo hayo yalimsaidia asiangalie mlango wa sebule. Watu walianza kuuliza kuhusu yule wa Sumbawanga, kwanza kwa upole. Simu yake haikupatikana, lakini Nkololo hapo hakuna simu inayopatikana mpaka uipeleke nyuma ya zizi, juu ya kichuguu kikubwa, uiinue kama mtu anayeangua embe.

Luhaga akapanda kichuguu. Alitaka kumpigia, na wakati mtandao unajivuta akafungua tangazo ili aone Maximiliana atakuwa amefikia wapi njiani. Akaibonyeza anwani ya Nkololo.

Ramani ilifunguka ikiwa ya bluu. Kwanza alidhani haijamaliza kufunguka. Akangoja. Bluu ikabaki bluu, na pembeni mwake kikatokea kipande cha nchi kavu, na jina la mwalo.

Alirudi nyuma, akabonyeza tena, taratibu, kana kwamba mara ya kwanza alikuwa ameikosea adabu. Ziwa. Akaisoma anwani kwa macho, herufi kwa herufi, na ilikuwa ya Nkololo. Akaibonyeza. Ziwa.

Hapo juu ya kichuguu, jasho likimtoka na ng'ombe wakimwangalia, Luhaga akaelewa alichokifanya dukani. Linki ni kama duka lenye bango. Bango linasema jina, lakini unapoingia unaingia mlangoni, siyo kwenye bango. Alipobandika anwani mpya mgongoni mwa maneno ya zamani, kompyuta iliichukua kama nyongeza ya bango lile lile. Ndiyo maana iligeuka bluu yenyewe. Kisha yeye akafuta sehemu ya zamani ya bango, akabaki na mpya, inayong'aa, isiyo na kosa, juu ya mlango ule ule wa Kalemela. Mtu yeyote angeweza kusoma tangazo lile mara mia na asione kitu. Ilitosha kulibonyeza mara moja.

Simu ya Maximiliana ikaita, ikapokelewa.

"Ndiyo tunafika," alisema. Sauti yake ilikuwa ya bibi kabisa, ila haijazeeka. "Dereva ameegesha. Naona maji, naona mitumbwi, naona akina mama wanaanika dagaa. Msiba siuoni. Ninyi mko upande gani?"

Luhaga aliitoa simu sikioni, akautazama mstari mmoja wa mtandao juu ya kioo, akairudisha.

Alichosema ni kwamba mtandao wa huku unapoteza watu, shangazi, samahani sana, ni mtandao. Akamwomba ampe dereva. Dereva, mtu wa Mwanza aitwaye Josia, alisikiliza maelekezo, arudi barabara kuu mpaka Lamadi, akate kwenda Bariadi, Bariadi aulize Nkololo. Akauliza kama anajua huko ni mbali kiasi gani. Luhaga alijua. Kwa nyuma alimsikia Maximiliana akisema, bila kulalamika, kwamba hata hivyo ameona alikozaliwa mama. Kisha mtandao, ule uliosingiziwa, ukakata kweli.

Aliporudi chini kwaya ilikuwa imeanza wimbo wa kutoa mwili. Babu Marcelo, mdogo wa marehemu babu yake na mkubwa wa ukoo, alikuwa amesimama na padri kando ya turubai. Padri alikuwa na mazishi mengine kigango cha mbali siku ile ile, na upande wa mashariki wingu lilikuwa limekaa zito. Luhaga akawaambia kwamba shangazi Maximiliana amekwenda Kalemela, lakini amegeuza, yuko njiani.

Babu Marcelo alikuwa mtu wa maneno machache, na macho yake yalikuwa na tabia ya kubaki juu ya mtu baada ya maneno kwisha. Aliuliza amefuata nini Kalemela. Watu waliokuwa karibu walianza kusema yao: kwamba mtu anayetaka kumuona mama yake haendi kutalii ziwani kwanza, kwamba watoto waliolelewa mbali mioyo yao inakuwa hukohuko. Babu aliwanyamazisha kwa mkono.

"Mjukuu wangu," alisema, "nakuuliza wewe, maana kazi ilikuwa yako. Lile tangazo lilikuwa sawa? Kama kosa ni letu sisi wenye msiba, tutamngoja. Tutangoja hata kesho, padri atatusamehe, na mvua itatunyeshea. Kama kosa ni lake, siwezi kuwaweka watu wote hawa."

Hapa ndipo Luhaga alipopewa kila kitu mkononi. Sentensi moja fupi ingetosha, na padri angekwenda, na maturubai yangefunguliwa, na bibi angelala sebuleni kwake usiku mmoja zaidi na kidirisha chake wazi. Luhaga alimwona babu yake. Akawaona watu nyuma ya babu yake. Akamwona shangazi Felisita akitoka na trei ya vikombe, macho yamevimba, akisimama kusikiliza jibu. Akaona kitambulisho kifuani mwake mwenyewe.

"Lilikuwa sawa, babu. Nililijaribu."

Babu Marcelo akatikisa kichwa kukubali. Kidirisha kikafungwa.

Luhaga aliwahi kaburini kuliko jeneza. Wachimbaji walikuwa wamekaa pembeni na makoleo yao. Aliwapita, akaruka ndani, akalala chali kwenye udongo mwekundu, akakunja mikono kifuani. Waombolezaji walipofika na jeneza mabegani wakamkuta humo, na kicheko kikapasuka, kicheko kile cha msibani kinachotoka mahali pamoja na machozi. Walikuwa wamemngoja. Mume wa Nyanjige hakuwaangusha.

Alitangaza kutoka chini, kwa sauti ya mkuu wa wilaya, kwamba shimo hili ni la kwake na mke wake hawezi kuingia mpaka mahari irudishwe. Wakamrushia kofia. Akasema kofia haina maziwa, anataka ng'ombe. Mtoto mmoja akaletwa ukingoni akilia mooo. Akasema ng'ombe huyo amekonda, anataka samaki wa Kalemela, sangara mzima, na hatoki mpaka aone sangara huyo kwa macho yake. Wanawake walicheka wakashikana mabega. Mmoja alimrushia khanga ya bibi, ile ya zambarau aliyokuwa akijifunga kwenda kanisani, na Luhaga akajifunika nayo uso ili watu wasimwone.

Chini ya khanga ile alikuwa anahesabu barabara. Sasa wako Lamadi. Sasa wamekata. Sasa labda Dutwa, kama Josia anakanyaga mafuta, kama hakuna ng'ombe barabarani, kama hakuna trafiki. Ilibaki Bariadi yenyewe, na njia ya vumbi kuja Nkololo. Akadai kuimbiwa. Wakamwimbia. Akadai kuimbiwa upya, kwamba sauti ya pili imekosea.

Kicheko hakikukatika ghafla. Kilipungua kama maji ya bomba. Wabeba jeneza walikuwa wameanza kubadilishana mabega. Mtu mmoja alisema haya sasa, inatosha. Mwingine akasema huyu mtoto amezidi. Luhaga alidai soda. Hakuna aliyecheka. Alidai soda tena, na safari hii sauti yake haikuwa ya mkuu wa wilaya, ilikuwa ya mtoto, na tone la kwanza la mvua likamwangukia kwenye khanga, juu ya mdomo.

Babu Marcelo alikuja ukingoni, akachuchumaa.

"Toka, mwanangu," alisema polepole. "Tumeona ulivyompenda."

Hilo ndilo lililommaliza. Angetukanwa angebaki. Alinyoosha mkono, wakamvuta juu, akasimama pembeni na khanga ya bibi mkononi na udongo mgongoni, na jeneza likapita mbele yake, likashuka. Koleo la kwanza lilitoa sauti ya mtu anayebisha hodi. La pili halikutoa sauti.

Gari la Maximiliana liliingia jua likiwa limeshuka usawa wa miti, mvua imepita, turubai moja limeshakunjwa. Alishuka mama mrefu, viatu vyenye mchanga mweupe wa ziwani. Aliwasalimia wote kwa neno moja la Kisukuma, "Mwadila," akalitamka vizuri sana, kama mtu aliyelifanyia mazoezi, na wote walijua ni nani aliyemfundisha na kwa simu gani. Wakaitikia. Halafu mwanamke mmoja jikoni, ambaye hakujua kwamba sauti inafika, akasema ndiye huyo, aliyekwenda kutembea ziwani.

Maximiliana alisikia. Luhaga aliuona uso wake ukisikia.

Hakulia. Aliuliza ni wapi, Felisita akamshika mkono akampeleka. Alisimama mbele ya tuta lile bichi lenye maua ya karatasi, akalizunguka kuanzia upande wa miguu, kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba aliyoelekezwa. Aliuliza kichwa kiko upande upi. Wakamwonyesha. Akapiga magoti upande huo, akainama mpaka paji la uso likakaribia udongo. Kisha akamuuliza Felisita mama yao alikuwa na sura gani, akitabasamu alikuwaje. Felisita alijaribu kueleza. Alianza na meno, akaacha. Akaanza na macho, akaacha. Akasema, "Alifanana na wewe," na hapo ndipo wote wawili wakalia.

Luhaga alikuwa nyuma ya nyumba akikunja viti ambavyo vilikuwa vimeshakunjwa. Alisikia hatua. Maximiliana alikuja peke yake, akaketi kwenye kimoja, akatoa simu kwenye mkoba.

"Wewe ndiye Luhaga," alisema. "Mama alikuwa ananisimulia. Mume wake mtundu."

Luhaga akasema ndiye.

"Naomba unisaidie jambo, baba. Wanangu wakiniuliza nitawaambia nini? Nimekaa nafikiria njia nzima nilikosea wapi. Felisita aliniambia nifuate hii tu. Niliifuata. Lakini lazima kuna mahali nilibonyeza vibaya, mimi mambo haya siyajui sana. Nionyeshe. Nikijua kosa langu nitalala."

Akamnyooshea simu. Tangazo lilikuwa wazi kwenye kioo, na ile anwani ya bluu chini ya picha ya bibi.

Luhaga aliipokea kwa mikono miwili. Alikuwa na uongo wake tayari, ule ule, na ungefanya kazi. Kila mtu anaamini ubaya wa mtandao. Akaanza kusema kwamba unajua, shangazi, mtandao wa huku, na akasikia mkono ukiichukua simu kutoka kwake kwa juu.

Alikuwa Felisita. Hakujua alikuwa amesimama hapo tangu lini. Alilisoma tangazo, midomo ikienda. Kisha akaenda nayo mpaka nyuma ya zizi, akapanda kichuguu na viatu vyake vya msibani, akaishika simu juu. Wote wawili walimfuata. Alibonyeza. Aliingoja ramani ijivute. Mwanga wa bluu ukamwangukia usoni, na Luhaga aliyekuwa chini hakuhitaji kuona kioo.

Felisita alikuwa amecheka utani ule dukani. Alikuwa ameulilia. Aliujua.

"Luhaga," alisema, bila kugeuka. "Nilikuuliza kama umeijaribu."

Yule Mkurugenzi alitafutwa ili ajibu, akakosekana. Alibaki mvulana mwenye udongo mgongoni na kitambulisho kilicholowa kifuani.

"Sikuijaribu," alisema. "Niliandika juu ya ule utani. Linki ilibaki ya Kalemela. Simu yangu ilikuwa kwenye chaji ukuta wa pili, sikutaka kusimama." Akamgeukia Maximiliana, maana yeye ndiye aliyeuliza. "Hukubonyeza vibaya, shangazi. Ulibonyeza vizuri. Ni mimi."

Maximiliana alimtazama. Alikuwa karibu kusema kitu, na Luhaga aliona kwamba kitakuwa cha huruma, kitu kuhusu utoto na makosa ya watu wote. Hakuweza kukiruhusu kitoke.

"Si hilo tu," alisema haraka. "Babu aliniuliza kabla hawajafunga. Alisema kama kosa ni letu watangoja hata kesho. Nikamwambia tangazo liko sawa. Wewe ulikuwa umeshageuza gari. Nilikuwa nimeshajua."

Ng'ombe mmoja zizini alijisugua kwenye mti wa uzio. Juu ya kichuguu simu ilizima kioo chake, kisha ikawaka tena ujumbe ulipoingia.

"Kwa hiyo," Maximiliana alisema, akiuliza polepole, kama mtu anayetaka kuwa na hakika ya njia kabla hajaifuata, "wangeningoja?"

"Wangekungoja, shangazi."